Mashine gani ya kupulizia rangi inafaa rafu za chuma zenye kutu?

Mwenye duka, Umoja

Hamjambo wenzangu. Nimenunua rafu tisa za chuma kwa mtu aliyekuwa akifunga duka lake Gikomba, nami nazihitaji kwa duka la vitabu vya shule ninalotarajia kulifungua kabla ya watoto kurudi shuleni Januari. Kila rafu ina kimo cha mita 1.8, upana wa sentimita 90 na ngazi tano. Miguu ni mizima, lakini ngazi za chini, ambazo bila shaka zililowa kila sakafu ilipopigwa deki, zimeota kutu inayobanduka kama maganda ya kitunguu. Nimeonyeshwa mashine tatu: ile ndogo ya umeme inayoshikwa mkononi; kompresa ya hewa ya lita 50 pamoja na bunduki yake ya kupulizia; na ile kubwa ya kukodi inayosukuma rangi bila hewa, ambayo mwenyewe anadai itamaliza kazi kabla ya chai ya saa nne. Naomba ushauri wa mtu aliyezitumia, si wa muuzaji.

Fundi, Kariobangi

Dada, hiyo ya kukodi iache. Ni mashine ya kuta na mapaa ya mabati. Shinikizo lake huweza kufika baa 200, na mpira wake wa mita 15 humeza karibu nusu lita ya rangi kabla hujapaka chochote. Rafu nayo sehemu kubwa ni uwazi, kwa hiyo rangi nyingi itapita katikati na kwenda zake. Tena shinikizo hilo hupenyeza rangi chini ya ngozi ya kidole kilichokaribia ncha, na jeraha la namna hiyo, hata likionekana dogo kama tundu la sindano, ni la kukimbizwa hospitali papo hapo.

Ile ndogo ya umeme hufaa glosi, yaani rangi ya juu inayong'aa, iliyozimuliwa vizuri, ila oksaidi nzito, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, huitemea vipandevipande. Mimi ningechukua kompresa, kwa sharti kwamba uulize kwanza bunduki inakula hewa kiasi gani. Kompresa ya lita 50 yenye nguvu za farasi 2 kwa kawaida hutoa chini ya lita 200 kwa dakika, ilhali bunduki nyingi zinazosifiwa kwa kuokoa rangi hutaka 300 au zaidi. Utapuliza ngazi moja, kisha usimame kungoja tangi lijae. Tafuta inayotosheka na lita 150 hivi, yenye kikombe juu. Ncha ya milimita 1.4 inatosha kwa glosi. Oksaidi nyekundu huitaka 1.8. Kabla ya kuanza, fungua koki iliyo chini ya tangi umwage maji, la sivyo yatatoka pamoja na rangi na kuacha vishimo kama vya ndui.

Mzee wa Buruburu

Kwa heshima ya fundi, nina shaka kama mashine yenyewe inahitajika. Ukipima pande zote mbili za ngazi pamoja na miguu, kila rafu ina takriban mita za mraba 4.5, yaani zote tisa ni kama 40. Kwa brashi na rola ya inchi nne, lita nne za glosi zitatosha mpako mmoja. Kwa kupuliza, weka hesabu ya lita sita hadi nane.

Na tafadhali usichanganye jamii za rangi. Mimi niliwahi kupuliza rangi ya magari, iliyozimuliwa kwa thina kali, juu ya oksaidi ya mafuta niliyoipaka jana yake. Ilijikunja mbele ya macho yangu kama utando wa maziwa yaliyochemka, nikakaa siku mbili nikikwangua. Glosi ya mafuta izimuliwe kwa tapentaini.

Fundi, Kariobangi

Mzee amesema kweli kuhusu hesabu, ingawa rola haitaingia kwenye zile pembe zilizokunjwa chini ya ngazi, na bunduki nayo huzikosa. Humo ndimo kutu hurudi kwanza, kisha fundi alaumiwe. Tia brashi ndogo kwa mkono kwenye mikunjo na matundu ya bolti kabla ya kupuliza. Kabla ya hapo, piga kutu kwa grainda yenye brashi ya waya, umalizie kwa msasa namba 80, ukivaa barakoa, kwani rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi na vumbi lake si la kuvutwa. Ngazi ambayo bisibisi inapenya, itupe. Paka oksaidi siku hiyohiyo. Kwa mvua hizi za Novemba, chuma kilichosafishwa jioni huamka na rangi ya chai.

Mwenye duka, Umoja

Asanteni sana. Bisibisi imepenya ngazi tatu tayari, sasa nasaka za kuzibadilisha. Nitakodi kompresa kwa siku moja na nianze na rafu moja tu. Kilichobaki ni jirani, ambaye huegesha gari lake jeupe hatua nne kutoka mlangoni pangu.

Fundi, Kariobangi

Basi puliza Jumapili asubuhi, akishaondoka nalo kwenda kanisani, na uwe umemaliza kabla ya ibada kuisha.