Kifaru changu kimekuwa cheupe baada ya vanishi ya mati. Nikiloweke kwenye thina kwa muda gani?

Fundi_Mdogo_KSM (Jumatano, saa 3 usiku)
Habari zenu wadau. Niko Kisumu, upande wa Mamboleo. Nina modeli ya kifaru cha vita, M3 Lee, kipimo cha 1/35, urefu wake kama sentimita 16 hivi. Kilikuwa kimepakwa rangi ya kijani iliyokolea, kizuri sana. Mimi nikakichakaza ili kionekane kimetoka vitani: niliyeyusha rangi ya mafuta ya kahawia kwa tapentaini nikaipitisha kwenye ribiti zote, vile vichwa vya misumari vya bodi, nikapaka matope kwenye minyororo, halafu jana jioni nikakipulizia vanishi ya mati ili kisiwe kinang'aa kama sufuria mpya. Leo asubuhi nimekikuta cheupe mwili mzima, utadhani kimemwagiwa unga wa muhogo. Ribiti nilizozihangaikia usiku kucha hazionekani.
Nimenunua thina lita moja hadiwea. Naomba tu kuelezwa nikiloweke kwa muda gani rangi yote itoke ili nianze upya. Inatakiwa kiwe tayari Jumamosi asubuhi. Sijala vizuri tangu asubuhi.

Nakuru_Ndani
Kifaru mweupe? Hapa Nakuru tunao, wako mbugani kando ya ziwa, na weusi pia wapo. Watalii wanalipa kuwaona. Wewe umepata wako bure unataka kumloweka kwenye thina!

Rangi_na_Bodi
Pole kijana. Mimi napulizia magari Kakamega mwaka wa kumi na nne sasa. Hapa mvua ya alasiri haina adabu. Kuna matatu moja nilimaliza kuipaka glosi saa tisa, nyeusi tii, mwenyewe ameshaanza kupiga picha. Wingu likaja kutoka upande wa msitu. Haikunyesha hata tone juu ya gari, maana tulikuwa chini ya mabati, lakini baada ya dakika ishirini boneti ilikuwa imeingia maziwa. Mwenye gari alikaa chini kwenye tairi akashika kichwa. Ile ni unyevu. Thina ya ndani ya rangi ikiruka haraka inapoza uso wa bodi, hewa yenye maji inatoa jasho juu yake, na jasho linafungiwa ndani. Swali langu ni moja: jana jioni Kisumu ilikuwa inanyesha?

Fundi_Mdogo_KSM
Ilikuwa imekatika. Nilipulizia barazani saa moja hivi. Manyunyu tu.

Rangi_na_Bodi
Manyunyu tu, na ziwa liko hapo chini. Umejijibu mwenyewe.

Mama_Wawili_Kitale
Sitaki kuonekana mbaya, lakini naomba niulize. Hela ya mikebe, ya rangi, ya thina, yote kwa mwanasesere wa vita? Mwanangu wa kwanza yuko kidato cha tatu na kila muhula najua nitauza nini. Kijana, kama ulichonacho mkononi ni kipaji cha kupaka, nenda kapake madarasa ya shule ya msingi iliyo karibu nawe. Ukuta hauhitaji kulowekwa.

Brashi_Kavu
Mama, kila mtu na pumziko lake. Turudi kwa kifaru.
Fundi, usiguse hiyo thina. Modeli hizi ni plastiki ya polistairini, na thina ya hadiwea inaiyeyusha. Haitatoa rangi peke yake, itakula na ribiti zenyewe. Anayetaka kuvua rangi ya akriliki hutumia spiriti ya hospitali na mswaki laini, plastiki haidhuriki. Lakini kabla hujavua chochote nijibu manne: vanishi ni ya aina gani, mkebe uliutikisa kwa muda gani, rangi ya mafuta uliiacha ikauke muda gani, na la nne ndilo linanisumbua. Umesema "kilikuwa kimepakwa". Nani alikipaka?

Fundi_Mdogo_KSM
Vanishi ni ya mbao, mkebe wa kupulizia, imeandikwa mati. Niliutikisa kidogo. Rangi ya mafuta niliiacha kama saa moja, ilionekana imekauka. Hilo la nne halina uhusiano na vanishi. Spiriti inachukua muda gani?

Brashi_Kavu
Lina uhusiano. Aliyepaka anajua kuna nini chini. Na rangi ya mafuta saa moja bado ni mbichi kabisa, hata ikionekana kavu. Inataka siku mbili au zaidi, na kwa hewa ya Kisumu msimu huu mimi ningeiwekea kwenye katoni yenye balbu inayotoa joto.

Mjukuu_wa_Keya
Nimesoma M3 Lee nikasisimka. Babu yangu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles ya Waingereza, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale walioingia bonde la Kabaw kule Burma mwaka 1944 masika yao yakiwa yamepamba moto, wakafika Kalewa Desemba. Alirudi na koti moja na kikombe cha bati. Tulipomwuliza vita vilikuwaje alikuwa anasema mvua na ruba, basi, anaendelea kumenya muhogo. Lakini siku moja, mimi nikiwa darasa la sita, lori la mawe lilikwama kwenye udongo mweusi karibu na boma, dereva akawa anakanyaga mafuta gurudumu linazidi kuzama. Mzee akainuka bila kuitwa, akaagiza vijana wakate matawi, akayapanga mbele ya magurudumu kama mkeka, likatoka. Ndipo akasema, "Vile vya chuma vilikuwa vinazama hadi tumboni." Hakuongeza neno. Fundi, matope yako umeyafanya ya rangi gani?

Fundi_Mdogo_KSM
Mzee, umenigusa. Babu yetu naye alikuwa Keya, Burma hiyo hiyo. Matope nilitaka yawe mekundu-kahawia. Nilichukua udongo wa Kisii niliopewa na rafiki, nikausaga kwa chupa, nikauchekecha kwa kitambaa cha leso, nikauchanganya na gundi ya mbao kidogo. Ule mweusi wa Ahero ukikauka unakuwa kijivu, sikuutaka.
Na ubavuni kuna kichwa cha kifaru, ile alama ya Divisheni ya 11. Kifaru yule mnyama, juu ya kifaru hiki cha chuma. Ukubwa wake si zaidi ya maharagwe, na amechorwa kwa mkono, hadi jicho.

Mjukuu_wa_Keya
Alama hiyo ilikuwa begani kwa askari. Vifaru vya kule vilikuwa vya vikosi vingine, havikuwa na kichwa hicho.

Fundi_Mdogo_KSM
Najua, na yeye alijua. Alisema babu alitembea kwa miguu njia nzima, basi angalau jina lake lipande.

Brashi_Kavu
"Yeye" ni nani?

Fundi_Mdogo_KSM (saa 5 usiku)
Sawa. Si changu. Ni cha kaka yangu mkubwa. Alihamishiwa kazi Mombasa mwezi wa kwanza akakiacha kabatini kikiwa kimebaki kuchakazwa na vanishi tu. Anakuja na basi la usiku wa Ijumaa. Nilitaka akikute kimekwisha. Kaka ndiye aliyenilipia shule tangu baba alipoondoka, sijawahi kumpa kitu ambacho si yeye amekinunua.
Ndiyo maana nasema nikivue chote. Rangi ya kijani ninayo, kopo alilotumia ni lile lile. Nikipaka upya kwa utulivu hatajua, na hatakuwa na huzuni. Huyo kifaru mnyama nitamchora tena, nina picha yake. Sioni kosa la mpango huu.

Mama_Wawili_Kitale
Mwanangu, nafuta niliyosema mwanzo. Lakini usimdanganye kaka yako. Mtu aliyechora jicho dogo hivyo analijua jicho lake kama mama anavyomjua mtoto wake kwa kikohozi.

Rangi_na_Bodi
Mteja ananiambia nimfiche mkwaruzo mkewe asijue. Nimefanya mara nyingi. Mke hujua siku ya kwanza gari likisimama juani.

Brashi_Kavu
Umeshaanza kuvua?

Fundi_Mdogo_KSM
Nilijaribu pahali padogo tu.

Brashi_Kavu
Wapi, na kwa nini?

Fundi_Mdogo_KSM
Kifuniko kidogo cha juu, kile cha kamanda. Kwa thina. Kabla sijaandika hapa. Kimelainika kikawa kama ubani uliotafunwa. Lakini hicho ni kifuniko, mwili ni mnene, nilidhani utastahimili.

Mpelelezi_wa_Siaya (Alhamisi asubuhi)
Jamani, mnalishwa hadithi. Jana kilikuwa "changu", usiku kikawa cha kaka. Kisha kaka kalipa shule, baba kaondoka, babu kafika Burma, na basi linaingia Jumamosi kama kwenye mchezo wa redio. Nani Kisumu hii ana M3 Lee? Kesho atatuma namba tumchangie nauli. Lete picha.

Nakuru_Ndani
Mimi pia nilijiuliza, nikaona nisiwe wa kwanza kusema.

Fundi_Mdogo_KSM
Sijaomba hata senti. Hii hapa picha. [picha]

Mpelelezi_wa_Siaya
Asante, umejimaliza. M3 ina mzinga mkubwa wa milimita 75 kwenye bodi, upande wa kulia wa dereva. Ukisimama mbele yake unauona kushoto kwako. Kwenye picha yako uko kulia kwangu. Umeokota picha mahali ukaigeuza ili isipatikane ikitafutwa. Hata yule mnyama wako anatazama nyuma.

Mjukuu_wa_Keya
Hapo kweli pana neno. Fundi, tueleze. Nilishawasimulia wajomba zangu habari yako.

Fundi_Mdogo_KSM (saa nne baadaye)
Samahani nilikuwa kazini. Nimeumia, lakini nimeangalia, na Mpelelezi ana haki kuhusu mzinga. Kamera ya nyuma ya simu yangu ilipasuka, ninatumia ya mbele, na hiyo huhifadhi picha ikiwa kama ya kwenye kioo. Sikuwahi kuligundua kwa sababu sijapiga picha kitu chenye upande. Nimeazima simu ya jirani. [picha] [picha] Ya pili ni kile kifuniko nilichokiharibu. Nyuma yake ni kopo la gundi, someni maandishi, hayajageuka.

Mpelelezi_wa_Siaya
Nimeona. Mzinga uko mahali pake. Nimekuza hadi kwenye mnyama, na chini ya ule weupe jicho lipo. Nisamehe kijana. Niliwahi kuchangia mgonjwa hapa mtandaoni ambaye hakuwepo, tangu siku hiyo siamini mtu. Sasa msaidieni, muda unakwenda.

Brashi_Kavu
Vizuri. Sikiliza, kwa sababu nadhani kitu hiki kinaokoka bila kuvuliwa.
Chovya kidole kwenye maji safi, gusa tumboni kwa kifaru, mahali pasipoonekana. Weupe ukitoweka pakiwa na maji kisha ukarudi pakikauka, basi rangi ya kaka yako iko salama chini. Unachokiona ni uso wa vanishi uliojaa vishimo vidogo vinavyotawanya mwanga. Dawa yake ni kuvijaza: vanishi ya glosi, pazia jembamba sana, juu yake. Itang'aa, usiogope, mati utaipuliza baadaye siku kavu. Usipake kwa brashi, rangi yako ya mafuta chini bado mbichi, utaivuruga.

Rangi_na_Bodi
Naongeza ya fundi. Saa nne asubuhi jua likiwa limetoka, si jioni. Mkebe uuweke kwanza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, si ya moto, usije ukalipuka. Umbali kama shibiri moja na vidole vinne. Anza kupuliza nje ya kifaru, pita, maliza nje. Ukisimama katikati ya mwili umekwisha. Anza na tumbo, ngoja nusu saa, utazame.

Fundi_Mdogo_KSM (Ijumaa, saa 7 mchana)
Wadau. Jana usiku nilikiweka kwenye katoni na balbu. Asubuhi nikagusa tumbo kwa maji, weupe ukaondoka, ukarudi. Nikapulizia glosi tumboni, mikono inatetemeka. Dakika kama tano tu, kijani ikatokea. Nikamwita jirani aje aone asije akasema ninaota. Nimepita mwili mzima mara mbili. Ribiti zimerudi zote. Kwenye kona ya nyuma pamebaki doa kama ukungu, nimepaacha. Udongo wa Kisii umekolea kuliko nilivyotaka, unaonekana umelowa, na kwa Burma nadhani ni sawa.
Huyu mnyama pembe yake imefifia. Jicho lipo.

Mjukuu_wa_Keya
Mungu mkubwa. Na kifuniko?

Fundi_Mdogo_KSM
Kifuniko hakiponi. Nilikuwa nimeanza kukichonga kingine kwa kipande cha plastiki nikigandishe pale kabla basi halijafika. Kisha nikasoma tena maneno ya Mama wa Kitale, nikampigia kaka. Alikuwa stendi anangoja kupanda. Nimemweleza yote, thina pia. Amenyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Jicho linaonekana?" Nikamwambia linaonekana. Akasema nisiguse mati, tutaipuliza pamoja Jumapili kama hakuna mvua, na kile kipande cha plastiki nisikitupe.

Rangi_na_Bodi
Jumapili mtikise mkebe dakika mbili nzima, kwa saa, si kwa kukadiria. Ile dawa ya mati inakaa chini kama mashapo ya uji, ndiyo inayotoka mabonge. Na mkiona wingu upande wa ziwa, acheni mpaka Jumatatu.