Wamenifungia boksi la kuvuna joto la boila kwa kulipua kazi, sasa wanasema kosa ni la baridi

Wakuu, mods naomba msiuunganishe uzi huu na nyuzi za bili za gesi. Hapa nazungumzia kazi mbovu na usalama wa watu waliolala ndani ya nyumba. Unawahusu hasa mlioko Uingereza mnaotumia boila za gesi, ile mitambo ya ndani inayopasha maji ya bomba na ya redieta, vyuma vya kutia joto vyumba.

Nipo mashariki mwa London. Kuna kampuni ilipita mtaani kwetu ikiuza boksi la kufungwa juu ya boila. Kijana wao wa mauzo alikaa na mke wangu akamhakikishia kwamba boksi litashusha bili yote ya gesi, ya redieta na ya maji ya moto kwa pamoja. Tukalipa pauni 1,100 kwa kadi. Alichosema kilikuwa uongo, na nakieleza kwa kirefu kwa sababu bado wanagonga milango ya watu.

Gesi asilia ikiungua inatoa maji. Kila mita moja ya ujazo inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, yanatoka kama mvuke pamoja na moshi, yakiwa yamebeba takriban sehemu moja ya kumi ya joto ulilolilipia. Mvuke huo ukipozwa chini ya nyuzi 55 hivi unageuka maji na kuliachia lile joto. Ndivyo zinavyofanya kazi boila za kondensi ambazo kanuni za hapa zilizilazimisha tangu 2005. Boksi linaongeza hatua: moshi ukitoka kwenye boila unapita ndani yake, na maji ya mtaani yanapita kwenye mirija humo humo kabla ya kuingia kwenye boila. Majira haya maji ya mtaani yanakuja ya baridi kali, kwa hiyo yananyonya joto vizuri. Kifaa chenyewe sina ugomvi nacho. Mwaka 2018 kanuni za England zilikitaja kati ya njia nne ambazo boila mpya ya kombi, ile inayopasha redieta na maji ya bomba papo hapo bila tangi, lazima iwe na mojawapo.

Lakini boksi la aina waliyonifungia linapasha maji ya kuogea na kuoshea vyombo tu. Maji ya redieta hayapiti humo kabisa. Halafu boila wakaiacha imewekwa nyuzi 80 upande wa redieta, maji yanarudi bado yana moto kupita nyuzi 55, na hata kondensi ya boila yenyewe haifanyiki. Kuishusha hadi 60 ni kuzungusha kitufe. Hakuna aliyekigusa. Mtu anakuuzia kifaa cha kuokoa joto, anaondoka joto linatoka nje bure!

Ufungaji wenyewe sasa. Boksi likikaa juu ya boila, bomba la moshi linapanda, kwa hiyo walitoboa tundu jipya ukutani. Tundu la zamani wakalijaza povu la kunyunyiza badala ya matofali na saruji. Bomba la moshi la boila za namna hii linatakiwa liinamie ndani, maji yarudi kwenye boila na kutoka kwa njia yake. Langu limeinamia nje. Asubuhi linadondosha matone kwenye njia ya jirani, yanaganda, na jirani ni bibi mtu mzima anayetembelea fimbo. Nikawapigia simu kuhusu hilo pekee, wakasema ni kawaida.

Kinachoniuma zaidi ni bomba la kutolea maji. Boila ya kondensi ikifanya kazi vizuri inaweza kutoa lita moja au mbili za maji kwa saa, yana asidi, na lazima yafike kwenye mfereji. Sinki la jikoni liko hatua mbili kutoka kwenye boila. Fundi yeyote mwenye akili angeunganisha pale pale ndani, kazi imekwisha. Hawa wakapitisha kibomba cha plastiki chembamba cha mm 21.5 nyuma ya kabati, wakakitoa nje upande wa kaskazini wa nyumba ambako jua halifiki, kikatambaa ukutani mpaka kwenye kona. Hakina mteremko unaotakiwa wa mm 45 kwa kila mita, ukiweka pima maji juu yake kiputo kinakaa katikati kabisa. Hakijavikwa sponji. Na kwenye kona wamechomeka kiwiko cha shaba, wakati kila mwongozo wa boila unakataza shaba kwa maji haya kwa sababu asidi inaila. Tayari kiwiko kimeota ukungu wa kijani.

Bomba la nje linatakiwa liwe pana zaidi, kipenyo cha ndani mm 30 au zaidi, na livikwe. Hii si siri ya mafundi wachache. Desemba 2010 mabomba kama haya yaliganda nchi nzima, watu wakakaa bila joto kwenye theluji, na miongozo ikakazwa baada ya hapo. Kwa hiyo kampuni inaponiambia leo kwamba tatizo ni baridi ya mwaka huu, inanifanya mtoto. Bomba linaganda, boila inaguruma kama mtu anayesukutua, inazima, watoto wanavaa makoti ndani, na mke wangu yuko nje gizani anamwagia bomba maji ya uvuguvugu ili liyeyuke.

La hatari zaidi nililishuhudia kwa macho yangu. Trapu, ile sehemu inayobakiza maji mwanzoni mwa bomba la kutolea maji, inatakiwa ijazwe maji kabla ya kuwasha, kwa sababu ni yale maji yanayozuia moshi usirudi ndani kupitia bomba hilo. Nilikuwa nimesimama pale. Hawakumwaga hata kikombe, wakawasha. Moshi hawakuupima, ile mashine ya kupimia yenye mrija haikutoka hata kwenye gari. Karatasi ya makabidhiano waliyoniachia ina sahihi, lakini sehemu ya vipimo vya gesi za moshi, CO (ile ya sumu) na CO2, iko tupu.

Nikamwandikia mtengenezaji wa boila. Amejibu kwamba boksi hilo halijaidhinishwa kwa modeli yangu na dhamana ya boila imesimama.

Nimeripoti Gas Safe, wanaosajili mafundi wa gesi, kuhusu usalama. Kampuni nimeiandikia kwa sheria ya walaji ya 2015: warudie kazi yote inavyotakiwa na boksi lililoidhinishwa, au warudishe pesa. Benki nayo nimeiandikia kwa kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974, kinachoibana benki pamoja na muuzaji, kwa sababu tulilipa kwa kadi ya mkopo. Nimewapa siku 14, baada ya hapo ni mahakama ya madai madogo.

Aliyefungiwa boksi kama hili na karatasi yake ya vipimo imejazwa, aweke picha hapa, afiche jina na anwani. Nataka hakimu azione karatasi mbili pamoja, yangu tupu na hiyo iliyojazwa. Na kama kampuni iliyokufungia ni ya kijana wa kugonga milango huku mashariki, njoo PM tuongee tufungue madai kwa wakati mmoja.