Mfumo wa ankara unasoma dola 2,150 kama dola mbili, halafu tunaambiwa mgeni ndiye hajui kuandika

Wakuu, salaam. Niko Arusha, ofisi ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro. Tunalipia mfumo wa ankara wa kampuni moja ya hapa hapa mjini (jina naliacha, wanajijua), na leo wamenifikisha.

Wakala wetu wa Ujerumani kaingia kwenye fomu, kajaza bei: 2.150,50. Kwao ndivyo wanavyoandika, nukta inatenga maelfu, koma inaanza desimali. Mfumo haukuuliza, haukugoma. Ukatoa ankara ya dola 2.15, mtu akalipa, risiti ikatoka! Kupanda mlima kwa njia ya Machame kwa dola mbili, hata nauli ya mpagazi mpaka getini haitoshi.

Nikapiga simu. Kijana akanijibu, "Kaka, mwambie mgeni wako aandike vizuri." Aandike vizuri vipi tena? Kaandika alivyofundishwa tangu darasa la kwanza. Tatizo ni parseFloat yenu, ile amri ya JavaScript ya kugeuza maandishi kuwa namba: nukta kwake ni desimali, na ikikutana na koma inaishia hapo hapo, inarudisha ilichookota bila kusema neno. Mhasibu wetu akibandika shilingi 1,250,000 anapata 1. Moja!

Basi wakaja na "marekebisho": wakafuta koma zote. Mjerumani yule yule akaandika 2150,50, ankara ikatoka ya dola 215,050. Sasa hivi anatuona matapeli.

Na msiniletee habari za type="number", kile kisanduku cha namba cha fomu za wavuti, ile haipokei koma za maelfu kabisa. Wala kutazama lugha tu haitoshi. Kiswahili chenyewe, Tanzania na Kenya desimali ni nukta, Kongo ni koma, na Kongo wako Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, makao makuu yenyewe si hapa Arusha?

Kinachotakiwa wala si kikubwa. Kisanduku cha maandishi ya kawaida, Intl.NumberFormat (zana ya JavaScript ya kupanga namba kwa desturi ya kila nchi) iwaonyeshe nchi ya mtumiaji inatumia alama zipi, na kabla ya kutuma mteja aone: "Dola elfu mbili mia moja hamsini na senti hamsini, ni sahihi?" Mtu akiandika 1.250, inayosomeka kwa njia mbili, muulizeni. Msimbunie! Hela ya mtu hiyo.

Ada yangu ya mwezi huu nimeidai kwa maandishi, kimya mpaka sasa. Mwenye kujua mfumo mwingine unaopokea wageni wa Ulaya bila vituko hivi aniwekee jina hapa, nahama wiki hii.