Mto wetu unakufa, naomba ushauri

Ndugu zangu, habari zenu. Mto tunaochota maji umebadilika. Alfajiri povu jeupe linakuwa limenasa kwenye matete, na samaki wadogo wanapanda juu kuhema, midomo wazi. Nimefuata mkondo kwa miguu: kuna wanaofulia mtoni, mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni, na bomba moja linalomwaga maji meusi usiku. Mbolea ikisombwa na mvua hustawisha mwani, nao ukioza humaliza oksijeni majini. Kuchemsha huua vijidudu tu, kemikali nyingi hubaki palepale. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, maana watoto wanayanywa. Nianzie wapi? Nipeleke sampuli maabara kwanza, au nikae na wakulima tuache ukanda wa majani ukingoni? Na hilo bomba, nikusanye ushahidi gani usiopingika?