Naomba ushauri: Nina grini kadi (hati ya ukaazi wa kudumu Marekani), je, nibebe bastola bila kibali hapa Texas?

ZamuYaUsiku: Wakuu, salaam. Ninaishi viungani mwa Dallas na ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu yangu ikiisha saa tano usiku. Wenzangu wananieleza kwamba tangu sheria ya jimbo iitwayo HB 1927 ianze kutumika tarehe 1 Septemba 2021, mtu aliyetimiza miaka 21 na asiyekatazwa kumiliki silaha anaruhusiwa kutembea na bastola iliyofichwa bila kibali. Ninakaa na mdogo wangu wa kiume, ambaye yupo hapa kwa visa ya mwanafunzi. Nikiinunua, nitakuwa salama kisheria?

MzeeWaHouston: Dada, wewe mwenye grini kadi hukatazwi kununua. Jimbo limeondoa sharti la kibali tu. Makatazo ya sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, yako palepale, na hapo ndipo mdogo wako anapoingia. Mwenye visa ya muda, ukiacha wachache kama walio na leseni ya uwindaji, haruhusiwi kuwa na silaha wala risasi. Ukiiweka kwenye droo anayoijua na kuifungua apendavyo, mwendesha mashtaka anaweza kudai kwamba iko mikononi mwake pia. Nunua kasha la chuma, na namba za kufuli uzijue wewe peke yako.

DerevaWaMasafa: Mimi ningechukua leseni ya kubeba bastola, yaani hicho kibali, hata kama si lazima. Sheria ya shirikisho inakataza kuwa na bunduki au bastola ndani ya futi 1,000 kutoka shuleni, yaani kama mita 305, na msamaha unampata aliyepewa leseni na jimbo lenye shule hiyo. Asiye na leseni anapaswa kuitoa risasi na kuifungia. Hebu hesabu ni shule ngapi unazipita ukielekea kazini! Isitoshe, ruhusa ya Texas haivuki mpaka, ilhali leseni yake inatambuliwa na majimbo mengi.

Bin_Faraji: Tusimtishe sana. Kibali kilikuwa mzigo kwa mfanyakazi wa zamu, kwa sababu ada ni dola 40, lakini darasa linalochukua muda wa saa nne hadi sita na jaribio la kulenga shabaha vinadai pesa nyingine na siku ya mapumziko. Mwenye hofu ya kweli asingojee.

MzeeWaHouston: Ndugu Faraji, raia anaweza kusema hivyo. Kwa mwenye grini kadi, kutiwa hatiani kwa kosa la silaha ni sababu ya kufukuzwa nchini, hata kama hakimu amemtoza faini ndogo. Mzigo wa darasa ni mwepesi kuliko huo.

ZamuYaUsiku: Nimewaelewa, na asanteni. Je, kazini niingie nayo?

DerevaWaMasafa: Hapana. Hospitali na nyumba za wazee zimo katika orodha ya mahali palipokatazwa. Hata hivyo, katazo linahusu jengo, wala si maegesho, na sheria ya kazi ya Texas kwa kawaida humzuia mwajiri asikukataze kuiacha ndani ya gari lako lililofungwa. Ifungie kabla hujafika, usije ukaonekana ukiihangaikia mbele ya wenzako. Kioo cha gari huvunjwa kwa sekunde chache, hivyo kasha lifungwe kwa waya wa chuma kwenye miguu ya kiti.