Tochi gani ya kuwindia sungura na mbweha usiku?

Wakuu, nataka tochi ya kufunga kwenye bunduki, nichukue ya mwanga mweupe au mwekundu, na lumeni (kipimo cha jumla ya mwanga wa tochi) ngapi?

– Usikimbilie lumeni mkuu, angalia kandela, hiyo ndo inaonyesha mwanga unafika mbali kiasi gani, ukitawanyika utamulika nyasi za karibu tu.

– Kwa mbweha chukua ya mwanga mwekundu. Akishamulikwa na nyeupe akaponea, siku nyingine akiona mwanga tu anasepa. Nyekundu haifiki mbali kama nyeupe lakini. Sungura wengi hata nyeupe wanatulia.

– Ya kutafutia iwe ya mkononi jamani, ukitafuta na ya kwenye bunduki mtutu unaelekea kila unachomulika! Na ukiona macho yanang'aa tu usipige, kondoo na mbwa nao yanang'aa vilevile, subiri uone mwili mzima na nyuma yake kuna nini.