Mtoto kamaliza dozi za kansa ya figo, hizi kliniki za kurudi rudi Dar ni lazima kweli?

mama_jei
Habari zenu wapendwa, naomba ushauri hasa kwa waliouguza mtoto wa kansa. Mwanangu ana miaka mitano, alitolewa figo ya kushoto, ilikuwa na ule uvimbe wanaita Wilms, akapigwa kemo kabla ya operesheni na baada, mwezi wa tatu wakatuambia dozi zimeisha, jamani nilipiga vigelegele pale pale wodini. Kumbe dozi kuisha ni jambo moja na kuachwa ni jingine. Tumepewa tarehe za kurudi Muhimbili kila miezi mitatu, na mimi niko Songea, basi linaondoka alfajiri unafika Dar usiku umevimba miguu, nauli ya kwenda na kurudi watu wawili ndio ada ya dada yake hiyo. Baba yake anasema mtoto anakula, anacheza, kanenepa, tunafuata nini? Mama mkwe ndio kabisa, ati nikizidi kumpeleka nitauamsha ugonjwa uliolala.
Halafu juzi alipata homa, zahanati wakampima malaria hana, wakampa diklofenaki ya maji. Roho haijatulia mpaka sasa, ila sijui hata kama nina sababu ya kuogopa. Naombeni msaada bila matusi tafadhali.

nesi_wa_zamu
Pole dada na hongera kwa kufika hapo. Mimi ni nesi wa watoto, kituo sitaji. Nianze na hiyo diklofenaki maana ndio ya leo. Dozi moja mbili usipandishe presha, mpe maji ya kutosha, angalia anakojoa vizuri, ila isirudiwe. Dawa za jamii hiyo, diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake, zinaibana figo, na mwanao anaitegemea moja. Homa au maumivu ya kawaida mpe parasetamo. Kuna na sindano ya gentamaisini, zahanati nyingi wanaichoma haraka haraka, hiyo nayo lazima daktari ajue kwanza kwamba figo ni moja. Sasa zahanati hawawezi kujua kama husemi, kovu liko chini ya shati. Kabla hajaandikiwa chochote, popote, anza na hiyo sentensi: huyu ana figo moja na alitibiwa kansa. Na homa kwa mtoto aliyemaliza kemo miezi ya karibuni usiisubirie nyumbani, kinga yake bado inajijenga.
Kuhusu kliniki. Wilms ikitaka kurudi mara nyingi inarudi ndani ya miaka miwili ya mwanzo, na inapenda mapafu au tumbo lile lile. Ndio maana wanampiga ultrasaundi ya tumbo na eksirei ya kifua kila baada ya miezi hiyo, baadaye wanaachanisha iwe miezi sita, halafu mwaka. Mtoto mwenye kivimbe kidogo kwenye pafu anacheza mpira kama kawaida, hakohoi wala hakondi. Mkisubiri akonde mmeshachelewa. Kikionekana mapema bado kuna matibabu na wengi wanapona tena. Mwambie mama mkwe kwa heshima zote kwamba ultrasaundi haiamshi kitu, haina hata mionzi.
Hapo hapo wanapima presha, mkojo kama unapitisha protini, na damu ya kuangalia figo. Hiyo iliyobaki huwa inakua kubwa ifanye kazi ya mbili, na inaweza kabisa, ila inataka kuchungwa miaka yote.
Jambo jingine, alipewa ile dripu nyekundu, doksorubisini?

baba_zuu
Mama Jei usikate tamaa, sisi tulitokea Kigoma kwa hiyo naijua hiyo safari. Wangu alikuwa na kansa ya jicho, likatolewa, akapigwa na kemo. Mimi nilijua jicho likitoka basi, kumbe wanalikagua lile lililobaki wakiwa wamemlaza na nusu kaputi, maana akiwa macho hatulii, na jicho la bandia nalo linabadilishwa kadiri uso unavyokua, ukiacha shimo linasinyaa na sura inakaa upande. Tena wakatuambia tuwalete na wadogo zake, kwa sababu aina nyingine za kansa hiyo zinakwenda kwenye ukoo. Wa mwisho alikuwa mchanga kabisa, wakammulika, mzima. Hakuna mtu kijijini angenishauri hilo.
Nauli: nenda kwa ustawi wa jamii pale pale hospitali, usione aibu. Watoto wa kansa Muhimbili wanasaidiwa na shirika la Tumaini la Maisha, waulize nauli na pa kulala kabla hujakopa. Na uliza kama hospitali ya rufaa ya Mbeya wanaweza kumpiga ultrasaundi na eksirei halafu majibu yatumwe Dar, ili Dar muende mara chache. Wakikataa watakuambia kwa nini.

mzee_wa_dawa_asili
Figo inasafishwa na majani tu. Mchemshie mizizi (nitafute inbox) wiki mbili, achana na mahospitali wanawafanyia biashara.

nesi_wa_zamu
Mzee, mtoto ana figo moja na wewe unataka kumchemshia mizizi isiyojulikana ina nini wala kipimo chake. Biashara ni ya nani hapa? Mama Jei usimfuate inbox.

akinyi_kisumu
Mimi ni Mkenya nitaandika kutoka upande wa yule mgonjwa mwenyewe, kwa sababu wazazi mnaongea sana kutuhusu na sisi tumekua. Nilipata leukemia, kansa ya damu, nikiwa darasa la pili, saa hii niko na miaka ishirini na kitu na mimba ya kwanza. Dawa zilinifanya nikawa natembea nikikanyagia vidole, ile vinkristini inashika neva za miguu, ilichukua muda ikaisha. Wazazi walinipeleka kliniki mpaka high school halafu tukaacha, si kwa ubaya, kila mtu alikuwa amechoka kusikia hilo neno kwa nyumba. Sasa nimeenda kliniki ya mimba, daktari ananiuliza ulipewa doksorubisini kiasi gani? Mimi najua tu ilikuwa nyekundu na nilikojoa nyekundu! Anataka milligramu, kwa sababu hiyo dawa inaweza kulegeza misuli ya moyo hata miaka kumi au ishirini baadaye, na mimba inaongezea moyo kazi. File ya hospitali niliyotibiwa haikupatikana. Nimefanyiwa eko, ile ultrasaundi ya moyo, namshukuru Mungu iko sawa, lakini watairudia mpaka nijifungue juu hawana hesabu ya kuanzia.
So mama, kabla hata ya kugombana na baba yake kuhusu nauli, omba ile karatasi ya muhtasari wa matibabu. Jina la ugonjwa na steji, kila dawa na jumla yake, kama alipigwa mionzi na wapi, operesheni ilikuwa gani. Piga picha, jitumie WhatsApp, weka kwa email, mpe na dadako. Mtoto wa miaka mitano hatakumbuka chochote, na siku ataihitaji pengine wewe hutakuwa hapo karibu.
Na mkimwambia alikuwa na kansa mwambieni mapema, kidogo kidogo. Mimi niliskia kutoka kwa mtoto wa jirani.

mama_jei
Jamani asanteni, nimesoma yote mara mbili na mara ya pili nimemsomea baba yake kwa sauti. Nesi, ndio alipewa nyekundu, walisema ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mapafu. Eko sikumbuki kama alifanyiwa baada ya kumaliza. Hiyo karatasi sina, nina kadi ya kliniki tu yenye tarehe. Na hapa shule wanauliza kama acheze mpira, na chanjo, maana ya surua ya pili hakuchanjwa alikuwa wodini.

nesi_wa_zamu
Basi kliniki ijayo usiikose. Kama ilifika kwenye mapafu, uliza pia kama kifua kilipigwa mionzi, maana ikikutana na ile nyekundu moyo unapata mzigo mara mbili. Omba eko, omba na muhtasari, usitoke bila muhuri. Daktari akikuambia faili liko, jibu unashukuru ila unataka nakala yako.
Mpira acheze, usimfungie ndani. Karate, ndondi, vitu vya kupigana mateke ya tumbo hapana mpaka umuulize daktari wake. Mwalimu ajue tu kwamba akigongwa sana tumboni au akikojoa damu ni hospitali moja kwa moja.
Chanjo ya surua ni virusi hai waliodhoofishwa, kwa kawaida inangojewa angalau miezi sita tangu kemo ya mwisho, na anayetoa ruhusa ni daktari wa kansa, sio dirisha la chanjo. Mpaka hapo dada yake awe amekamilisha chanjo zake zote, ndiye anayelala naye. Na shuleni ikitokea surua au tetekuwanga, kama amekaa karibu na mgonjwa, piga simu wodini siku hiyo hiyo hata kama hana homa.

baba_zuu
Namba ya wodi iko nyuma ya hiyo kadi yako ya tarehe, sisi yetu ilikuwa hapo. Ukipiga asubuhi hawapokei wako raundi, jaribu kuanzia saa nane mchana.